Barua ya wazi kwa Mbunge wetu: korosho zibanguliwe hapa hapa

Mheshimiwa Mbunge,

Shikamoo. Nakuandikia kwa heshima, ingawa uvumilivu umeniishia.

Alhamisi iliyopita mnada wa korosho wa chama chetu cha msingi cha ushirika ulivunjika. Bei ziliposomwa, wakulima tulisimama tukapaza sauti, "Hatuuzi!" Tukarudi nyumbani mikono mitupu. Magunia yangu sita yamelala ghalani, deni la dawa za mikorosho liko pale pale, na Januari shule zinafunguliwa mwanangu hana hata sare.

Mheshimiwa, wakati wa kampeni ulisimama chini ya ule mwembe, ukatuonyesha kiwanda kwa kidole, ukasema haitapita misimu miwili mashine zitanguruma. Huu ni msimu wa nne. Kusini tulijengewa viwanda vya kubangua, yaani kutoa korosho ganda, miaka ya 1970 kwa mikopo ya nje, ya Benki ya Dunia ikiwemo. Vingi vilikufa, vikauzwa, vingine vikageuzwa maghala. Cha kwetu nilikichungulia juzi: mikanda imeng'olewa, popo wamejaa darini, na chini yamepangwa magunia ya korosho ghafi yanayosubiri meli.

Meli hizo huenda Vietnam na India. Vietnam ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza nje korosho zilizobanguliwa, na sehemu kubwa ya inazobangua hutoka Afrika. Kazi ya mabinti zetu inasafirishwa ndani ya maganda.

Kampuni kubwa zina maghala na fedha za kusubiri. Mimi wiki mbili tu siziwezi, na nadhani wanalijua hilo. Labda hata bei wanapatana kabla ya mnada. Ushahidi sina, lakini mbona zinakaribiana hivyo? Mwaka 2018 bei ilipogomewa, Serikali ilitangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likabeba mzigo. Bado ikabidi kutafuta mnunuzi wa nje, kwa sababu viwanda vya kuubangua wote havikuwepo.

Jirani yangu hubangua uani kwake. Mafuta ya ganda yamemchubua vidole hadi hawezi kushika sindano, na kilo nne au tano za ghafi humpa kilo moja tu ya korosho zilizobanguliwa. Lakini akifunga vifuko akauza stendi, jioni anarudi na unga.

Mheshimiwa, sikuombi fulana wala kanga. Naomba kiwanda kile kibangue. Barabara itasubiri, hata zahanati tutavumilia, kiwanda kibangue. Njoo kabla ya Januari, uje na funguo.

Mkulima wa korosho,
Mtwara