Kumbi za shule zifunguliwe Jumamosi kwa walimu wa maigizo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba vijana wetu wanapotezewa muda na watu wanaowafundisha kuigiza. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, nimefundisha sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, na nakiri kwamba mjukuu wangu aliponiambia anataka kujiunga na darasa la maigizo hapa Temeke, nilinuna. Siku hizi mtaani ukisema fulani anakufanyia usanii unamaanisha anakutapeli, na neno likishafika huko mzazi ana haki ya kushtuka. Nilikwenda kulikagua darasa lenyewe nikiwa na nia ya kumtoa binti huyo, na tangu siku hiyo sijakosa Jumamosi hata moja.

Mwalimu wao ni mtunzi wa tamthiliya ambaye pia hutengeneza filamu. Hufundisha uani kwa rafiki yake, chini ya mwembe, na vijana huchanga fedha kidogo ya maji na mihogo. Kwa miezi miwili ya mwanzo hakuna anayeruhusiwa kugusa kamera. Siku niliyofika alikuwa amewapa maneno mawili tu, "Mama yupo?", akamtaka kila mmoja apige hodi na kuyasema: wa kwanza akiwa mdai aliyechoka kuzungushwa, wa pili mtoto aliyetoka shule na njaa, wa tatu jirani aliyekuja na taarifa ya msiba. Huyo wa tatu ni kijana ambaye siku nyingine hupiga debe kituo cha daladala, nami nilitarajia makelele. Aliingia, akavua kandambili, akauliza kwa sauti ndogo kiasi kwamba mimi mwenyewe nilijikuta nainuka kwenye kiti.

Nilifundisha "Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe", tamthiliya ya Edwin Semzaba kuhusu karani wa sensa anayempenda binti wa Mzee Mitomingi, kwa miaka mingi, na sasa naliona kosa langu. Wanafunzi wangu waliweza kukutajia dhamira zote, falsafa na msimamo wa mwandishi, bila kuwahi kumsikia Mzee huyo akifoka. Semzaba, aliyekuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 2016, hakuandika ili tupigie mistari kwa kalamu nyekundu. Aliandika ili watu wasimame na kucheza. Vijana wa chini ya mwembe walipofika pale karatasi za sensa zinapochomwa moto, mwalimu aliwauliza Mitomingi anamtazama nani wakati huo, na mkono wake mwingine unafanya nini. Walibishana nusu saa nzima, wakirudi kwenye kitabu kutafuta ushahidi. Darasani kwangu swali hilo lisingeulizwa, kwa sababu haliji kwenye mtihani.

Wapo wanaosema ajira iko kwenye kamera, hivyo jukwaa ni kujichelewesha. Wanasahau walikotoka waliojenga filamu za Kitanzania zilizouzwa Kariakoo miaka ya 2000. Marehemu Steven Kanumba, mwigizaji wa filamu aliyefariki Aprili 2012, alipitia kundi la maigizo la Kaole, kama alivyopitia mwigizaji mwenzake Vincent Kigosi na wengine kadhaa. Filamu nyingi zilizofuata zilidhoofika pale mwigizaji alipofika lokesheni hajaona mswada, akasimuliwa kisa kwa dakika chache na kuambiwa ajazie maneno yake. Mwalimu huyu huwafanyisha vijana onyesho lilelile mara mbili: kwanza sauti imfikie mama mwenye nyumba anayekaanga maandazi mwisho wa ua, kisha mbele ya simu iliyoshikwa urefu wa mkono, ambapo nyusi zilizoinuliwa kwa ajili ya jukwaa humfanya mwigizaji aonekane amepandwa na mashetani. Mtu asiyezifahamu kazi zote mbili hawezi kufundisha tofauti hiyo.

Elimu hii si ngeni katika nchi yetu. Sanaa za maonyesho zinafundishwa pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tangu miaka ya 1960, na tamthiliya ya "Kinjeketile" ya Ebrahim Hussein ilichezwa huko mwaka 1969 kabla ya kuzoeleka mashuleni. Mwaka 1996 Amandina Lihamba na Penina Mlama, wahadhiri wa chuo hicho, walianzisha mradi wa Tuseme, ambao uliwawezesha wasichana wa sekondari kueleza kwa maigizo yale yanayowakwaza shuleni. Bagamoyo ipo TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Lakini kijana aliyemaliza kidato cha nne akakosa alama, ambaye kwao hakuna ada ya chuo chochote, hafiki Mlimani wala Bagamoyo, na huyo ndiye anayekuja chini ya mwembe.

Ombi langu kwa wakuu wa shule na maofisa elimu wa manispaa zetu ni dogo. Shule nyingi zina ukumbi au bwalo ambalo Jumamosi mchana hufungwa kwa kufuli. Mwalimu huyu aliomba shule moja ya jirani impe saa tatu kwa wiki, akatakiwa alete barua ya serikali ya mtaa. Alipoileta, akaambiwa alete nyingine kutoka ofisi ya juu zaidi, na huko akaulizwa kwa nini hakuanzia shuleni. Sisemi milango iachwe wazi kwa kila ajaye. Mkuu wa shule na aende akalitazame darasa, amwandikishe mwalimu na vijana wake, awatoze gharama ya umeme na usafi, kisha wapewe ukumbi.

Jumamosi iliyopita mvua ilikatisha mazoezi, vijana wakajibanza barazani wakiwa wameficha miswada yao ndani ya mashati. Ukumbi wa shule ile uko ng'ambo ya barabara. Funguo zake anazo mlinzi, ambaye mwanawe ndiye Mitomingi wetu.

Mwalimu mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam