Saa, karatasi na ngome: barua kwa sahibu wa Wete

Mjini, Unguja

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku sote wazima, hofu ni kwenu mlio mbali. Barua yako imefika, na swali lako nimelisoma mara mbili kwa sababu jawabu langu huenda lisikupendeze. Umeuliza ununue masomo gani ya ufunguzi wa sataranji (zile hatua za mwanzo wa mchezo) kabla ya kuvuka kuja mashindanoni. Usinunue hata moja. Mchezaji wa reitingi (namba ya kupimia uwezo) ya 1700 na ushei kama wewe, ambaye pale barazani Wete hakuna anayekuweza, hapotezi pointi katika hatua kumi za mwanzo. Anazipoteza baina ya hatua ya 25 na ya 45, saa ikiwa imembania, au baadaye, kete zikishapungua na hajui kete yake ya ngome aiweke wapi. Hayo mawili nayaandika kwa urefu.

Tuanze na saa. Mashindano mengi ya reitingi huchezwa kwa dakika 90 kila mtu, na sekunde 30 za nyongeza kwa kila hatua. Kwa hatua 60 hiyo ni jumla ya saa mbili kamili, dakika mbili kwa hatua. Aliyezoea michezo ya dakika tano huona dakika 90 ni bahari. Ndipo anapokaa dakika 20 kwenye hatua ya 14, akichagua baina ya kuipeleka ngome mraba wa d1 au e1 (herufi ni safu ya wima, namba ni mstari wa mlalo), kisha akifika hatua ya 32, penye hesabu ya kweli, hana kitu ila zile sekunde 30 za nyongeza.

Jiwekee vituo vitatu. Ukimaliza hatua ya 15, saa yako ioneshe dakika 75 au zaidi. Hatua ya 30, dakika 35. Hatua ya 40, dakika 15. Kila baada ya hatua tano andika pembeni mwa karatasi ya kuandikia hatua muda uliokubakia; kanuni zinaruhusu saa kuandikwa humo. Mashindano yakisha, zitafute hatua zote zilizokula zaidi ya dakika 12. Nyingi utakuta ni zile ambazo njia mbili zilikuwa karibu sawa, nawe ulikuwa unatafuta uhakika ambao haupo. Kwa nafasi za namna hiyo jipe dakika tano; ukisharidhika kwamba hakuna inayokupoteza, chagua moja ucheze. Dakika 15 za kukaa na kufikiri ziweke kwa ajili ya mambo yasiyorudi nyuma: kubadilishana malkia, kutoa kete sadaka, au kumsogeza askari aliye mbele ya mfalme wako.

Na kabla mkono haujanyanyuka, pitia mambo matatu kwa upande wa mpinzani, kwa mpangilio huu huu: cheki gani (kumshambulia mfalme) anaweza kunipigia, kete gani anaweza kula, kitu gani anakitishia kwa hatua inayofuata. Inachukua sekunde 20. Wengi hulifanya hili wakiwa katika hatari na huliacha wakishashinda kete, na hapo ndipo mchezo uliokwisha kuwa wao hugeuka.

Kanuni nyingine zinawaumiza hasa watu waliokulia barazani, kwa sababu kwetu kete inaguswa, inarudishwa, na watazamaji watatu wanasema kwa sauti. Mashindanoni kete uliyoigusa kwa makusudi ndiyo utakayoicheza, ikiwa ina pa kwenda. Ukitaka kuiweka sawa ndani ya mraba wake, sema kwanza "narekebisha", tena iwe zamu yako. Ukimwingiza mfalme ngomeni, ile hatua ya mfalme na ngome pamoja, mshike mfalme mwanzo. Ukigusa ngome kisha mfalme, umepoteza haki ya kumwingiza upande huo kwa hatua hiyo. Saa ibonyeze kwa mkono ule ule uliochezea. Askari akifika mwisho wa ubao na kugeuka malkia, na malkia wa akiba haonekani, simamisha saa umwite mwamuzi akuletee. Usipindue ngome juu chini ukaiita malkia kama tunavyofanya Wete: mwamuzi ataihesabu kuwa ni ngome, na mchezo utaendelea hivyo.

Hatua isiyo halali ya mara ya kwanza humpa mpinzani dakika mbili za ziada. Ya pili hukupotezea mchezo. Kubonyeza saa bila ya kucheza nako huhesabiwa hatua isiyo halali. Kwa kuwa nyongeza ni sekunde 30, utaandika hatua zote mpaka mwisho, hata ukibaki na dakika moja. Na unacheza kwanza, ndipo unaandika. Kuandika kabla kumekatazwa, isipokuwa unapodai sare. Nafasi ikitaka kujirudia mara ya tatu kwa hatua yako, usiicheze: iandike karatasini, simamisha saa, mwite mwamuzi, mwambie unadai. Ukishaicheza na kubonyeza saa, dai limekupita, na mpinzani ana haki ya kucheza kitu kingine. Kumpa mtu sare kwa hiari kuna utaratibu wake vilevile: cheza, tamka, kisha bonyeza saa.

Simu izime kabisa, na uiweke pale mwamuzi atakapoelekeza. Usiitegemee kule kuinyamazisha, maana programu ya adhana huweza kulia hata simu ikiwa kimya, na kwa kanuni kuwa na simu isiyoruhusiwa ukumbini peke yake kunatosha kukupotezea mchezo, ila pale mashindano yalipoweka adhabu nyepesi. Saa ya mkononi yenye intaneti ni hivyo hivyo. Iache nyumbani.

Sasa mwisho wa mchezo, na hapa nitakaa, kwa sababu ndipo mchezaji wa visiwani anapoweza kumpita wa bara bila ya kuwa na mwalimu. Nafasi za ngome na askari mmoja dhidi ya ngome hutokea kuliko za kete nyingine yoyote, na mbili kati yake ukizijua kwa mkono umejiokolea nusu pointi nyingi.

Ya kwanza ni ya kujilinda. Mfaransa Philidor aliichambua mwaka 1777 na hadi leo haijapinduliwa. Wewe ni mweusi, mfalme wako yuko d8, mweupe ana mfalme e5, askari d5 na ngome a7. Ngome yako ikae kwenye mstari wa sita, tuseme b6, na isitoke. Kazi yake ni kumzuia mfalme mweupe asiukanyage mstari huo. Unaisogeza kulia na kushoto tu, b6, h6, b6, na hakuna cha kukufanya. Atakapochoka atampeleka askari d6. Hapo hapo, si kabla, ngome inashuka mpaka b1 na kuanza kupiga cheki kwa nyuma, kwa kuwa mfalme wake hana tena askari wa kujifichia mbele. Makosa ni mawili: kuiteremsha ngome mapema, askari akiwa bado d5, ambapo mfalme ataingia d6 na utakuwa na kazi nzito zaidi, au kuiacha kwenye mstari wa sita baada ya askari kufika huko.

Ya pili ni ya kushinda, ile iitwayo ya Lucena. Wewe ni mweupe: mfalme d8, askari d7, ngome f1. Mweusi ana mfalme g7 na ngome c2. Ukitoka tu na mfalme e7, atapiga cheki e2, utakwenda d6, cheki d2, na utazunguka hadi urudi ulipotoka. Kwa hiyo ngome kwanza: f4. Akicheza ngome c1, sasa toka e7. Cheki e1, mfalme d6. Cheki d1, mfalme e6. Cheki e1, mfalme d5. Cheki d1, na ngome yako inaingia d4, inaikata cheki na askari anapita. Kwa nini mstari wa nne hasa? Kwa sababu mfalme akishuka mpaka wa tano, ngome inakuwa chini yake moja kwa moja na inamfunika. Ziweke nafasi hizi mbili ubaoni, zicheze na mwenzako kwa dakika kumi kila mmoja, kisha geuzeni rangi, hadi mikono izicheze yenyewe. Kuzisoma tu hakusaidii siku una sekunde 40.

Baada ya hizo, jifunze wafalme kukabiliana wakiwa na askari mmoja, na askofu asiyefaa: askari wa safu ya h na askofu wa miraba myeupe hawashindi mfalme pekee aliyefika h8, kwa kuwa h8 ni mraba mweusi na askofu hawezi kumtoa hapo. Kwa safu ya a ni kinyume chake, askofu wa miraba myeusi ndiye asiyefaa. Ukijua hilo utajua kete gani ubadilishe na ipi uikimbie hatua 20 kabla.

Hesabu ya reitingi itazame ili ujue unapigania nini. Kama hujatimiza michezo 30, kipeo chako (namba inayozidishwa kwa tofauti ya ulichopata na ulichotarajiwa) ni 40. Mtu aliyekuzidi pointi 200, wewe unatarajiwa 0.24 ya mchezo: ukimshinda unapata 30.4, ukitoka sare 10.4, ukishindwa unapoteza 9.6 tu. Uliyemzidi pointi 200, mambo yanageuka: ushindi unakupa 9.6, sare inakutoa 10.4, kushindwa 30.4. Ukitimiza michezo 30 kipeo hushuka kuwa 20, na namba zote hizo hugawika kwa mbili. Kwa hiyo walio hatari kwako ni watoto wa skuli wenye 1450, ambao uchezaji wao unapanda haraka kuliko namba zao. Usiwachezee ovyo ili mchezo uishe upesi. Na tangu tarehe 1 Machi 2024 reitingi ya chini kabisa ya FIDE, shirikisho la sataranji duniani, ni 1400, kwa hiyo usiitazame 1450 kwa macho ya miaka ya nyuma.

Mfumo wa Uswisi, wa kupanga nani acheze na nani, hauhitaji maneno mengi. Raundi ya kwanza nusu ya juu hupangwa na nusu ya chini. Wakiwa 40, wa kwanza hukutana na wa 21. Ukiwa katikati ya orodha unaweza kuanza na mkubwa wa ukumbi au na mgeni kabisa, na raundi zinazofuata utakutana na wenye pointi kama zako. Rangi moja haitolewi mara tatu mfululizo, ila kwa nadra raundi ya mwisho kwa walio juu. Panapokuwa na raundi mbili kwa siku, muda wa kumtayarishia mpinzani ni mdogo, ndiyo maana nakwambia ufunguzi mmoja ukiwa mweupe na, ukiwa mweusi, jawabu moja mpinzani akianza na askari e4, jingine akianza na d4, unaloelewa sababu zake, linatosha mwaka mzima.

Michezo yako uliyoshindwa ndiyo kitabu chako. Ipitie kwanza bila ya kompyuta, uandike ulichokuwa unakifikiri pale ulipokosea. Kisha ndipo uifungulie Stockfish, programu ya kompyuta ya kuchambua sataranji. Ukianza na kompyuta utaona namba na hutaona kosa lako. Kila kosa liwekee jina: hukuliona jibu la mpinzani, uliliona ukahesabu vibaya, saa ilikubana, hukuijua nafasi ya mwisho. Baada ya michezo kumi jina moja litakuwa limejirudia kuliko mengine, na hilo ndilo la kufanyia kazi.

Safari nayo, yakhe, ipange. Wete hadi Mkoani kwa gari, halafu boti mpaka bandari ya Malindi hapa mjini: njoo siku moja kabla, hasa wakati wa kusi, bahari ya baina ya Pemba na Unguja ikichafuka. Kanuni ya FIDE ni kwamba asiyekuwepo saa ya kuanza amepoteza, isipokuwa waandaaji wameweka muda wa kusubiri. Raundi ya saa nane mchana inaweza kwenda mpaka saa kumi na mbili jioni, na Alasiri imo humo humo. Mwone mwamuzi kabla ya raundi, umwambie utatoka kuswali. Cheza hatua yako, omba ruhusa, uende. Saa haisimami, basi kuwa na akiba. Raundi ikigongana na Ijumaa, uliza mapema kama wanatoa nusu pointi kwa asiyecheza raundi, kabla majina hayajapangwa.

Pilau na biriani ziache mpaka usiku. Mchana kula kidogo, na mezani uwe na tende, njugu na maji. Kahawa chungu kunywa kiasi ulichozoea, usizidishe siku ya mchezo. Chukua kalamu mbili.

Mashindano yakisha, nitumie picha za karatasi za michezo uliyoshindwa, zile zenye dakika pembeni. Zile za ushindi si lazima.

Nisalimie wazee na jamaa wote wa baraza.

Wasalaam,
Sahibu yako