Aksanti, papa fundi mota wa Kenya

Papa fundi mota wa pale sokoni Kenya, hapa Lubumbashi, jina lako sikuliuliza maana wateja walikuwa wamekuzunguka. Nakushukuru hapa, huenda mtoto wako mmoja akakusomea.

Nilikuwa natafuta waya mwembamba kwa ajili ya ndege yangu ya mfano: Short 827, zile ndege za majini zenye mabawa ya juu na chini ambazo Wabelgiji walizitumia Ziwa Tanganyika mwaka 1916, zikaenda kudondosha mabomu Kigoma, ilikokuwa meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Kwa kipimo cha 1:48, waya wa dukani unaonekana kama bomba. Uzi wa kushonea nao huota manyoya, na rangi haiyafichi.

Wengine walicheka. Wewe ulifungua mota ya umeme iliyoungua, ukanitolea shaba nyembamba kabisa, kisha ukanionyesha: bana ncha moja kwenye etau, kile chuma cha kubania vitu mezani, vuta kwa koleo polepole mpaka usikie waya umelegea kidogo mkononi. Hapo hapo unanyooka na kukakamaa.

Ukauliza nyaya zote hizo ni za nini. Nikakuambia: zinazotoka chini ya bodi kwenda bawa la juu hubeba mabawa ndege ikiruka, zinazopishana nazo huyabeba ikiwa imetulia. Ukasema, “Basi usiruke hata moja.” Sijaruka, papa.

Pesa ulikataa. Yamebaki maboya tu kupakwa rangi, halafu nakuletea uione. Na chupa ya sucré baridi juu yake.