Barua kwa mwanangu: kuhusu lile neno "wanaume"

Kitale, 15 Desemba 2024

Mama,

Pokea salamu zetu. Huku tu wazima, ila goti la mama yako limeanza tena na amekataa katakata kwenda hospitali kabla mahindi hayajakauka. Barua hii nampa dereva pamoja na mzigo wako. Mambo ya kwenye kundi la ukoo sitaki kuyajibu kulekule. Kule watu wanasoma mstari mmoja wanajibu kumi, na mashemeji wamo.

Picha yako ya tarehe 10 kwenye maandamano ya kupinga mauaji ya wanawake tumeiona, umejifunga leso puani kwa sababu ya vitoa machozi, bango juu. Mama yako alilia. Mimi niliwaangalia wale askari nyuma yako. Sikukukataza kwenda, na hata ungeniuliza nisingekukataza. Lakini nani anajua unapokaa? Nitaliuliza hilo mpaka unijibu. Kwenye ile picha ya asubuhi lango la ploti yenu linaonekana, na jina la duka la jirani linasomeka hata na mimi nisiye na miwani. Itoe.

Sasa hilo neno. Uliandika mtandaoni, "Wanaume wanatuua." Hukuweka "baadhi", hukuweka "wengine". Mimi nimeuza ng'ombe wawili ili usome sheria, halafu natiwa kapu moja na mtu aliyemmwagia mwanamke petroli. Iliniuma, na usiniambie haikupaswa kuniuma. Shuleni nimefundisha miaka mingi kwamba samaki mmoja akioza wameoza wote, watoto wakaitikia kwa sauti, wala sikuwahi kufikiri kuna siku nitakuwa samaki. Nilichukua simu nikaandika, "Si wanaume wote, mwanangu."

Sikuituma. Kabla sijabonyeza nilishuka chini kusoma majibu ya watu usiowajua, na wa kwanza kabisa alikuwa ameanza vivyo hivyo: "Si wanaume wote, dada." Mstari wa pili anakuita mjinga. Wa tatu anasema wanajua steji unayoshukia jioni. Maneno yangu yaleyale, mwanangu, yakimtangulia mtu kama huyo. Nilifuta. Huyo mtu umemripoti? Umeihifadhi picha ya ujumbe wake? Wewe ndiye mwanasheria, unajua kuliko mimi kwamba bila ushahidi hakuna kesi. Na ubadilishe steji, hata kama utatembea zaidi kidogo.

Endebess si mbali na kwetu, kwa hiyo ya Rebecca Cheptegei, yule mwanariadha wa Uganda aliyekuwa akiishi huko, sina haja ya kukusimulia. Linalonisumbua ni kwamba tarehe 11 Agosti alikuwa Paris anakimbia marathoni ya Olimpiki, na tarehe 1 Septemba, ametoka kanisani na watoto wake, akamwagiwa petroli nyumbani kwake. Walimleta hapa Kitale, wakampeleka Eldoret, tarehe 5 akafariki. Baba yake aliwaambia waandishi wa habari kwamba malalamiko yalikuwa yameshapelekwa kwa polisi. Nilimtazama yule mzee kwenye runinga. Yeye pia ni mwanamume, na sikumsikia akilalamika kwamba watu wanawasema wanaume.

Wiki hiyo nilienda kusaga. Pale kwenye posho mill habari ilikuwa hiyo tu, na aliyeanza kuongea aliuliza, "Kwani huyo mama alimfanyia nini?" Mwingine akaleta mambo ya shamba, eti mwanamke anawezaje kununua shamba na kujenga kwa jina lake. Wakacheka kidogo. Unga wangu ulikuwa tayari, nikabeba nikaja nyumbani.

Binamu yako wa Bungoma, kwenye kundi, alileta hoja kwamba wanaume ndio wanaouawa kwa wingi, na kwamba nyinyi mnaficha hilo. Usimtukane, hakudanganya. Umoja wa Mataifa wenyewe unasema karibu asilimia 80 ya wanaouawa duniani ni wanaume. Ila alisoma nusu ya ripoti. Nusu ya pili inasema kati ya wanawake waliouawa kwa makusudi mwaka 2023, kama asilimia 60 waliuawa na wapenzi wao au watu wa familia. Kwa wanaume ni kama asilimia 12. Maana yake mimi nikiogopa, naogopa njia ya usiku, na wewe unaogopa anayekula sahani moja nawe. Na serikali yetu ilitangaza wanawake 97 waliouawa kwa miezi mitatu tu, Agosti hadi Oktoba mwaka huu. Nilimtumia binamu yako hayo yote. Amesoma, alama za buluu zimeonekana, hajajibu. Ungemjibu wewe ungemwita majina. Una kichwa chepesi tangu utotoni lakini mdomo unakitangulia, na hilo hukulichukua kwa mama yako.

Bado sijalipenda hilo neno. Sababu si mimi tu, mimi ni mzee, nitazoea. Ni ndugu yako. Tangu afunge shule ana visikilizio masikioni mchana kutwa, anamsikiliza bwana mmoja anayefundisha vijana "uanaume", kwamba mwanamke asiaminiwe na wanaosoma wakajua haki zao ndio wabaya zaidi. Siku ulipoandika yale aliingia jikoni akamuuliza mama yako, "Kwa hiyo mimi pia nimo?" Mama yako akasema aniulize mimi. Nikamtuma akafunge ndama. Huyo bwana wa kwenye simu hamtumi kokote, ana jibu lake tayari na analitoa kwa upole. Ukija Krismasi kaa naye. Usianze na "nyinyi wanaume". Ana miaka 15, hajachinja hata kuku. Kuosha vyombo pia hajui, hapo unaweza kumkaripia utakavyo, mama yako hataki nimkaripie mimi.

Ya shangazi yako na mumewe usiyarudishe kwenye kundi. Wewe ulikuwa mdogo, uliona mbuzi akichinjwa na shangazi akipanda pikipiki kurudi kwake, ukaelewa ulivyoelewa. Sheria ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani ilipitishwa 2015, wakati ule haikuwepo. Kikao kilikuwa cha wazee, na mimi ndiye nilikuwa wa mwisho kwa umri. Wa mwisho kwa umri ndiye anayeombwa kufunga kwa sala. Yeye mwenyewe amekutumia ujumbe mrefu wa sauti kukusifu, na akautuma pia kwangu. Niliusikiliza zizini. Mjibu, anasubiri.

Basi nilichotaka kusema ni hiki, andika unavyotaka. Nikiumia nitaumia huku nyumbani na nitanyamaza kwenye kundi. Lakini mahali unapolala pasionekane, na usiandike saa unazotoka kazini. Na hao wanaokuandikia kwa siri, hata yule mpole, usiende kukutana naye peke yako kwenye nyumba ya kukodi ya siku moja. Najua utasema nawaambia wanawake wajifiche wakati wanaoua wako huru. Sema. Ila utoe hiyo picha.

Mahindi mwaka huu si mabaya, madalali ndio wabaya. Wanakuja na mizani yao. Bati la jiko lilichukuliwa na upepo na fundi ameomba pesa za nyumba nzima. Ukiweza kutuma kidogo kabla ya sikukuu, mtumie mama yako moja kwa moja, nikizipata mimi zitaishia kwenye mbolea.

Kwenye gunia kuna mahindi, maharagwe ya mama yako kwenye mfuko mweusi, na juu kabisa kuna kufuli nimeifunga kwa gazeti. Ina funguo mbili. Moja kaa nayo, nyingine mpe yule jirani mwalimu, si mwenye ploti. Dereva nimeshamlipa. Akisema hajalipwa, nipigie palepale kabla hajaondoka.

Ni mimi,
Baba yako