Mheshimiwa Waziri, mtoto wangu mnamhesabu katika shule gani?

Mombasa, 18 Januari 2021

Kwa Mheshimiwa Profesa George Magoha,
Waziri wa Elimu,
Jogoo House, Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu kutoka Mombasa. Mimi ni mwalimu wa P1, yaani mwenye cheti cha kufundisha shule za msingi, na ni mama wa watoto wawili. Shule ya binti yangu imekufa, lakini katika rejista ya wizara yako bado anahesabiwa huko, na shule mpya haiwezi kumsajili. Nimepita katika ofisi zilizo chini yako, nimejaza fomu, nimepiga simu, na kila mahali nimeambiwa nisubiri. Sasa subira imenishinda. Barua hii nimeiandika wazi ili walimu wenzangu na wazazi wenzangu waisome, kwa sababu najua haya hayakunipata mimi peke yangu.

Rais alipotangaza tarehe 15 Machi 2020 kwamba shule zifungwe, hakuna mwalimu aliyebisha. Mgonjwa wa kwanza wa corona alikuwa ametangazwa siku mbili tu kabla ya hapo na sote tulikuwa na hofu. Tuliwaambia watoto wabebe vitabu vyote, tukafunga madarasa tukidhani Pasaka ikipita tutarudi. Shule niliyokuwa nikifundisha ni ya kibinafsi, zile za mtaani zenye mabati na uzio wa makuti, si hizo za mabasi ya manjano na bwawa la kuogelea. Mwenye shule alitulipa nusu ya mshahara wa Machi. Aprili hatukupata kitu. Shule kama ile haina fungu jingine la pesa: karo ya mzazi ndiyo mshahara wa mwalimu, ndiyo kodi ya jengo, ndiyo uji wa saa nne. Baba akisimamishwa kazi bandarini leo, mwisho wa mwezi mwalimu wa mwanawe hana unga.

Walimu walioajiriwa na TSC, tume ya serikali ya kuajiri walimu, ambao ni zaidi ya 300,000, waliendelea kulipwa miezi yote ile shule zikiwa zimefungwa. Siwaonei kijicho. Baadhi yao nilisoma nao chuoni, na yuko mmoja ambaye bila M-Pesa yake wanangu wangelala njaa mara nyingi. Lakini nauliza, kwa serikali mwalimu ni nani? Namba ya TSC ninayo kama wao. Nimefundisha mtaala uleule wa KICD, taasisi ya mitaala, na wanafunzi wangu wamefanya mtihani uleule wa KNEC, baraza la mitihani uliloliongoza wewe mwenyewe kabla hujawa waziri. Walipokuwa wakifaulu walihesabiwa kuwa watoto wa Kenya. Aliyewafundisha alipokosa chakula, akawa ni wa mtu binafsi.

Tarehe 23 Mei Rais alitangaza mpango wa kuinua uchumi wa shilingi bilioni 53.7. Elimu ilitengewa bilioni 6.5: walimu 10,000 waajiriwe, madawati 250,000 yatengenezwe na mafundi wa mitaani. Tuliisikiliza hotuba ile kwa makini, mimi na jirani yangu ambaye pia ni mwalimu, tukangoja kusikia neno moja tu kuhusu sisi tuliokuwa tayari madarasani na ambao mishahara yetu ilikatika siku moja na kengele ya shule. Halikutajwa. Nafasi hizo za walimu zilipotangazwa, za mkataba wa uanagenzi, niliomba, nikakosa. Sijui walichaguliwa vipi. Nadhani waliomaliza chuo zamani bila kuajiriwa ndio waliotangulizwa, na kama ni hivyo ni haki yao. Ila hasara yetu ilikuwa hasara ya janga, na fedha zile zilisemwa ni za janga.

Hata ule unafuu wa kodi ulitupita. Mtu anayelipwa shilingi 24,000 au chini yake aliondolewa PAYE yote, ile kodi inayokatwa mshaharani, jambo jema. Asiye na mshahara alipunguziwa nini? Na tangu Januari mosi VAT, kodi ya ongezeko la thamani, imerudi asilimia 16, ambayo sisi tunailipa dukani sawasawa na aliyeko kazini. Nadhani tatizo letu ni kwamba hatuna wa kutupigania. Vyama vya walimu, KNUT na KUPPET, wanapogonga meza Nairobi, wanagonga kwa ajili ya walimu wa serikali. Sisi tumetawanyika, kila mmoja na mwenye shule wake.

Halafu ikaja tarehe 7 Julai, uliposimama ukasema mwaka wa masomo wa 2020 umepotea na shule zitafunguliwa Januari 2021. Ulisema kwa ajili ya usalama wa watoto, na kama mzazi nilikubaliana nawe. Lakini kwa shule yetu siku ile ndiyo iliyokuwa ya mazishi. Mwenye shule hakuweza kulipa kodi ya jengo miezi sita mingine bila karo. Akalirudisha. Leo darasa langu ni ghala la saruji. Ukutani bado zipo herufi kubwa na ndogo nilizozichora kwa rangi ya mafuta kwa mkono wangu, na mifuko imepangwa juu yake kuanzia A mpaka kwenye M.

Mume wangu alikuwa hotelini huko Diani. Ndege za nje ziliposimamishwa mwezi Machi, walipelekwa likizo bila malipo, na ingawa ndege zilirudi Agosti, mpaka leo hajaitwa. Mimi nikaanza kukaanga viazi karai mlangoni. Mheshimiwa, viazi karai ni biashara ya jioni. Watu hununua wakitoka kazini, baina ya magharibi na isha. Kafyu ilipowekwa saa moja ya jioni, karai lilikuwa likipata moto ndipo polisi wanapopita. Nilihamia mahamri ya asubuhi, lakini kila mwanamke wa mtaa wetu alikuwa amehamia huko huko, na wanunuzi walikuwa ni sisi sisi.

Mliambia nchi kwamba masomo yanaendelea kwa redio, televisheni na intaneti. Kwetu simu ni moja. Mume wangu akitoka nayo kutafuta kibarua, masomo yametoka nayo. Akirudi, bando la shilingi hamsini linakwisha kabla video ya somo moja haijamalizika. Binti yangu wa darasa la sita nilimfundisha mwenyewe mezani, na nashukuru Mungu nina ujuzi huo. Jirani yangu muuza samaki, ambaye hakupata kusoma, mwanawe alikaa barazani tangu Machi hadi mwezi huu, na sidhani kuna mtu katika wizara yako anayejua jina lake.

La afya najua si lako, ni la Mheshimiwa Kagwe, lakini wewe ni daktari wa upasuaji na utanielewa. Mama yangu ana kisukari. Tangu tarehe 7 Desemba wauguzi na maafisa wa kliniki wamegoma. Zahanati anakochukulia dawa tumeikuta na kufuli. NHIF yetu, bima ya afya ya taifa, ililala tuliposhindwa kupeleka zile shilingi 500 za kila mwezi, na kuiamsha kuna faini. Kwa hiyo dawa tunanunua dukani, wiki ikiwa nzuri za wiki nzima, wiki ikiwa mbaya anakunywa siku moja anaruka moja. Mguu wake wa kushoto una kidonda kidogo kando ya kidole gumba. Kila usiku nakitazama kwa tochi ya simu, nakisafisha kwa maji ya chumvi. Wewe daktari unajua kidonda cha mguu wa mwenye kisukari kinaweza kuishia wapi.

Siwalaumu wauguzi. Desemba hiyo hiyo alikufa daktari kijana wa miaka 28 aliyekuwa akihudumia wagonjwa wa corona Machakos, akiwa hajalipwa miezi mitano na hana bima. Kama daktari aliyeingia wodini anatendewa hivyo, mimi mwalimu wa mtaani ningetarajia nini? Na wakati huo huo tunasoma ripoti ya Mkaguzi Mkuu kuhusu shilingi bilioni 7.8 za KEMSA, shirika la serikali la kununua dawa na vifaa vya hospitali, zilizotumika kwa barakoa na mavazi ya kujikinga, vitu vilivyonunuliwa ghali na kurundikana ghalani. Fedha zilikuwepo. Hilo ndilo linalotukosesha usingizi, kujua kwamba zilikuwepo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Shule zilifunguliwa tarehe 4 Januari. Mimi nilimpeleka binti yangu shule ya umma iliyo karibu, kama walivyofanya wazazi wengi ambao shule za watoto wao zimekufa. Mwalimu mkuu alimpokea kwa moyo mweupe. Darasa lina watoto karibu themanini. Ile mita moja na nusu mliyoisema, pale haipo hata ya kuanzia mlangoni. Madawati yaliyoahidiwa hayajafika. Binti yangu anakaa sakafuni nyuma, mgongo ukutani, daftari juu ya mapaja, na akirudi sketi yake ina vumbi jeupe la chokaa. Ulisema pasipo na nafasi wasomee chini ya miti. Uwanja wa shule hii una mwarobaini mmoja, na chini yake tayari wako darasa la tatu.

Haya yote tungeyavumilia. Lakini wiki iliyopita alirudi na karatasi: watoto ambao hawajahamishwa katika NEMIS, mfumo wa kompyuta wa wizara wa kusajili wanafunzi, wasije mpaka wazazi wakamilishe uhamisho. Nilikwenda. Mwalimu mkuu, ambaye naona ni mtu mwema aliyeelemewa, alinigeuzia kompyuta nione. Akiingiza UPI ya binti yangu, ile namba ya utambulisho ya kila mwanafunzi, mfumo unasema mtoto huyu yupo shuleni. Yupo katika shule yetu ya zamani. Shule hiyo ndiyo inayotakiwa kumwachilia ili hii impokee.

Mheshimiwa, shule hiyo haipo. Ina saruji. Mwenye shule amehama Mombasa, simu yake haipatikani, na neno la siri la NEMIS aliondoka nalo. Ofisi ya elimu niliyotumwa ilinirudisha kwa mwalimu mkuu, mwalimu mkuu akanirudisha ofisini, na afisa mmoja akaniambia nimtafute mwenye shule, kama kwamba mimi ndiye niliyempa leseni.

Nami naelewa kwa nini mwalimu mkuu hawezi kufumba macho. Serikali hutuma shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mtoto wa msingi, na hutuma kwa wale tu walio katika mfumo. Watoto wetu hawaonekani, kwa hiyo hawana chaki, hawana kitabu, wanakula fungu la wenzao. Akiwapokea wote anaiua shule yake. Akiwakataa anavunja agizo lako kwamba mtoto asifukuzwe. Mmemweka hapo katikati, na anayerudi nyumbani na begi ni mtoto.

Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto elimu ya msingi bila malipo na kwa lazima. Hakisemi awe kwanza ameachiliwa na shule iliyofungwa. Na tafadhali nisiambiwe ni jambo gumu la mitambo. Sisi wa kusini ya kivuko cha Likoni mwezi huu tunavuka kwa miguu juu ya daraja la kuelea la Liwatoni, lililojengwa kwa miezi michache ili kupunguza msongamano kwenye feri wakati huu wa corona. Serikali iliyoweza kulaza daraja juu ya bahari inaweza kuhamisha jina la mtoto kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na madai mengi. Nilitaka walimu wa shule za kibinafsi walipwe fidia ya miezi tuliyokaa. Nilitaka tupewe nafasi za kwanza mtakapoajiri tena, kwa sababu watoto tuliowafundisha wamehamia kwenu na walimu wenu hawatoshi. Bado nayataka hayo, na sitaacha kuyadai. Lakini najua wizara inavyokwenda, na mtoto wa darasa la sita hawezi kungoja bajeti.

Kwa hiyo naomba moja. Toa waraka wenye sahihi yako kwamba mtoto ambaye shule yake imefungwa ahamishwe katika NEMIS na mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, kwa cheti cha kuzaliwa na ripoti ya shule, bila kumtafuta mwenye shule wala kuulizwa deni la karo. Na mpaka hapo asikae nyumbani hata mmoja. Cheti chake ninacho. Ripoti zake zote ninazo, za tangu darasa la kwanza, nyingine zina sahihi yangu mwenyewe ya mwalimu wa darasa. Sihitaji shilingi yenu kwa hili. Nahitaji mtu wa wizara yako abonyeze anapotakiwa kubonyeza, wiki hii, kabla mitihani ya muhula haijafika na binti yangu bado akiwa hesabuni mwa shule iliyojaa saruji.

Mhamisheni mtoto, Mheshimiwa Waziri. Wahamisheni wote.

Wako kwa heshima,

Mwalimu na mzazi,
Mombasa