Mdogo wangu, usimpeleke kwa kinyozi kwanza

Mdogo wangu,

Voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara mbili. Mtoto analia kwa kinyozi kama anachinjwa, na wewe unamfokea atulie, ni nywele tu. Nilicheka peke yangu, kisha nikakumbuka vitoto vya udongo vya Thailand ambavyo wiki nzima nimekuwa nikivitazama kwenye picha.

Vinafinyangwa Bang Sadet, kijiji cha mkoa wa Ang Thong, kando ya mto Chao Phraya. Baada ya mafuriko ya 1975, Malkia Sirikit aliwaanzishia wanakijiji mradi wa kufinyanga wanasesere hawa ili wapate kipato nje ya kilimo. Ni vidogo, unavifumbata kiganjani. Kuna wapiga muziki, kuna wachuuzi, lakini mimi nilinasa kwa watoto: wameshikana viuno mstari mrefu, wanacheza mchezo wa nyoka kula mkia wake, na wa mwisho karibu anaanguka kwa kicheko.

Sasa tazama vichwa. Kote kumenyolewa, utosini kumebaki kishungi kilichofungwa. Si ndiyo denge hiyo, ile aliyokuwa akiitaja bibi? Mwingine ana vishungi viwili pembeni, mwingine kamsuko kamoja. Zamani mtoto wa Kithai alikaa na kishungi chake mpaka miaka 11 au 13, kikakatwa kwa sherehe. Kishungi kiliachwa kwa sababu utosi wa mtoto ni laini, na roho inayomlinda waliamini inakaa kichwani.

Na mtindo nani anachagua? Kwa mtoto asiyeisha kuugua, wazazi walikuwa wakifinyanga wanasesere wenye nywele tofauti tofauti, wanampangia mbele yake. Atakayemshika, ndivyo atakavyonyolewa. Basi.

(Wapo na wanasesere wa kale zaidi, wa tanuri za Si Satchanalai, mji wa kale wa Thailand, mama kapakata mwana, wengi hawana vichwa. Inasemwa walivunjwa makusudi, ugonjwa uondoke nao. Hao sikuwatazama sana.)

Kwa hiyo Jumamosi kinyozi asubiri. Chota udongo pale nyuma ya bomba, ukande vizuri, mfinyangie vichwa vitatu vinne, uviache vikauke kivulini visipasuke. Na cha kiduku ukiweke. Najua hukitaki, ila kiweke.

Dada yako