Barua ya wazi kwa mdhibiti wa walinzi: kuhusu chumba cha nyuma cha supamaketi

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Udhibiti wa Usalama wa Kibinafsi,
Nairobi.

Mheshimiwa,

KUH: WATEJA WANAOZUILIWA NA WALINZI MADUKANI

Nilivaa sare ya ulinzi miaka sita hapa Mombasa, minne kati ya hiyo nikisimama mlangoni mwa supamaketi. Duka silitaji, na kampuni iliyoniajiri siitaji, maana nikitaja moja utadhani ni hiyo peke yake. Siku hizi nauza mitumba, kwa hivyo sina mshahara wa kukatwa nikisema.

Duka letu lilikuwa na chumba cha nyuma, kando ya stoo ya sabuni. Ndani mlikuwa na meza, kiti kimoja cha plastiki, katoni tupu zilizopangwa hadi darini na ndoo ya kupigia deki. Mshukiwa haketi, kiti ni cha meneja. Humo ndimo nilimwingiza mama mmoja, Jumamosi saa tisa alasiri, nimemshika mkono juu ya kiwiko kama nilivyoelekezwa na walionitangulia kazini.

Mkobani alikuwa na mkebe wa maziwa ya unga ya mtoto. Maziwa kama hayo na sisi tuliyauza. Mwenzangu aliyevaa kiraia alimfuata tangu kwenye rafu za mchele, akauona mkebe mama alipofungua zipu kutoa simu. Mama akasema ameununua asubuhi kwenye duka la dawa. Akatuonyesha ujumbe wa M-Pesa: Sh870, jina la duka la dawa, saa nne na dakika kumi. Meneja akasema ujumbe wa simu mtu yeyote anaweza kuutengeneza. Duka hilo la dawa lilikuwa ng'ambo ya barabara, lakini hakuna aliyevuka kwenda kuuliza. Kamera zilikuwepo, hakuna aliyerudisha picha nyuma kuona kama mama huyu aligusa rafu ya maziwa.

Ukutani palikuwa na karatasi iliyochapwa kwa herufi kubwa: ukipatikana umeiba utalipa mara kumi. Basi Sh8,700. Mama akampigia ndugu yake, ndugu akampigia mwingine, na pesa zikaingia saa moja kasorobo usiku. Muda wote huo kituo cha polisi hakikupigiwa simu, na kituo ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Aliandikishwa kwenye daftari kwamba amekiri, akapigwa picha ameushika mkebe kifuani, nami nikatia sahihi kama shahidi. Alipokuwa anatoka aliniambia, "Kaka, mtoto analia tangu saa kumi." Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Wezi wapo, Mheshimiwa, na sitaki uniweke upande wao. Nimewashika watu waliofunga mafuta ya kupikia mapajani kwa leso, na mwanamume mzima aliyevaa suruali tatu, mbili zikiwa na lebo ya bei. Sheria inalipatia duka nguvu ya kuwashika watu kama hao. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Utaratibu wa Mashtaka ya Jinai kinamruhusu raia yeyote kumkamata mtu anayetenda kosa mbele ya macho yake, ikiwa ni kosa ambalo polisi huweza kumkamatia mtu bila hati, au mtu anayemshuku kwa sababu za maana kwamba ametenda kosa kubwa. Wizi ni kosa kubwa. Ni miaka mitatu gerezani, hata kama kilichoibwa ni sabuni ya kipande. Sheria yenu ya 2016, ya Udhibiti wa Usalama wa Kibinafsi, nayo inamtambua mlinzi anayekamata.

Ila kifungu kinachofuata, cha 35, ndicho sikuwahi kusomewa na mtu katika miaka sita. Kinasema raia aliyemkamata mtu amkabidhi kwa afisa wa polisi bila kukawia pasipo sababu, na afisa akikosekana ampeleke kituo cha karibu. Mimi nilikisoma kibandani kwangu, kwenye simu, nimeshaacha kazi. Hakuna mahali kinaposema subiri kwanza meneja amalize mkutano, au subiri ndugu atume pesa. Yale masaa matatu na dakika arubaini na tano tuliyomweka yule mama, sijui ningeyaita nini mbele ya hakimu. Kanuni ya Adhabu ina jina lake: kumfungia mtu isivyo halali, kifungu cha 263, hadi mwaka mmoja jela. Na jina kwenye daftari lilikuwa langu.

Daftari lenyewe lina kichekesho chake. Sheria ya Ushahidi haipokei ungamo la mshukiwa isipokuwa limetolewa kortini mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi asiyechunguza kesi hiyo, wa cheo cha inspekta kwenda juu, tena mshukiwa akiwa na mtu wa kumshuhudia aliyemchagua mwenyewe. Meneja wa zamu hayumo. Kurasa zote zile tulizowaandikisha watu huku mikono ikiwatetemeka hazina kazi mahakamani. Kazi yake ilikuwa kumtisha mtu alipe. Na anayepokea pesa ili kosa kubwa lisifike kwa polisi, Kanuni hiyo hiyo ya Adhabu inamhesabu kuwa mkosaji. Kwa hivyo kama mama yule alikuwa mwizi, meneja alivunja sheria; na kama hakuwa mwizi, meneja alimnyang'anya Sh8,700.

Kuhusu upekuzi nitakuwa mfupi kwa sababu naona haya. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke, kwa staha, sheria imesema. Zamu yetu ya usiku haikuwa na mlinzi wa kike. Kuhusu picha, zilikuwa zikibandikwa karibu na kaunta ya mizigo, na nyingine kuzungushwa kwenye vikundi vya WhatsApp vya mameneja. Sheria ya Kulinda Data ipo tangu 2019, na mwaka 2023 Kamishna wa Data alikitoza kilabu kimoja Sh1.85 milioni kwa kuchapisha picha ya mteja wake bila ridhaa yake. Mteja huyo alikuwa anastarehe tu. Sijui Kamishna angesema nini kuhusu picha ya mtu aliyeandikwa MWIZI chini ya kidevu bila kufikishwa kortini.

Wapo na watoto. Sheria ya Watoto ya 2022 inasema aliye chini ya miaka 12 hawezi kuhukumiwa kwa jinai. Kwetu mvulana wa sare ya shule aliyechukua biskuti alisimamishwa mlangoni, pakiti shingoni kwa kamba, hadi mamake alipotoka kazini.

Utauliza kwa nini sisi walinzi tulikuwa wakali kuliko hata mwenye mali. Hapa ndipo ninapoomba utazame, kwa kuwa semina za haki za binadamu zinapita pembeni yake. Kila mwisho wa mwezi duka lilihesabu bidhaa zilizopotea, likaipelekea kampuni yetu hesabu, na kampuni ikatugawia. Mwezi ule wa mama wa maziwa mimi nilikatwa Sh1,500. Zile Sh8,700 hazikupunguza hata shilingi. Mtu anayejua kwamba kila mkebe utakaopotea utatoka kwenye unga wa wanawe, unamtarajia apime sababu za kumshuku mtu kwa utulivu? Nilianza kuwaona wezi kila mahali, hasa kwenye mikoba mikubwa ya wanawake maskini. Wenye magari sikuwashuku. Hilo nalo nakiri.

Kukatwa huko hakuna mguu wa kusimamia. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa hasara iliyotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Mteja akificha kopo la dawa ya mbu nikiwa nimesimama mlango mwingine, makusudi yangu yako wapi? Mwanzoni mwa 2024 mamlaka yako ilitaka mlinzi alipwe angalau Sh30,000 kwa mwezi. Tulishangilia. Wenzangu niliowaacha mlangoni hawajaziona, na makato yanaendelea.

Leseni za kampuni hizi zinapita mezani kwako. Unaweza kukataa kuihuisha ya kampuni yoyote inayowagawia walinzi hasara ya duka. Unaweza kuagiza kwamba mtu akishazuiliwa, saa iandikwe na polisi wapigiwe hapo hapo, na kwamba ile karatasi ya mara kumi ibanduliwe kila mlango wenye mlinzi uliyemsajili wewe. Mafunzo ya walinzi pia yako chini yako. Kifungu cha 35 kinasomeka kwa dakika moja, na ningefurahi kama kingesomwa kwa Kiswahili.

Mkaguzi wako akija huku asianze na ofisi ya kampuni, atapewa chai na mafaili safi. Aende moja kwa moja dukani, Jumamosi alasiri, aombe daftari la walioshikwa. Huwa kwenye droo ya chini ya meza ya meneja, chini ya vitabu vya risiti. Atafute safu ya saa ya kuingia na saa ya kutoka, kisha aulize ni nani kati yao alikabidhiwa kwa polisi. Sahihi yangu ataikuta humo mara nyingi. Niko tayari kuisimamia.

Wako mtiifu,
Mlinzi wa zamani,
Mombasa.